Kifaa cha Kubana Petroli

Mume wangu alikileta nyumbani Busia kimefungwa kwenye gazeti, akakifungua mezani taratibu kama nyama ya sikukuu. Kilikuwa kibomba cha shaba, kifupi kuliko kidole gumba, chenye waya uliosokotwa ndani na vitundu vya kuingiza hewa. Alikuwa amekinunua Tororo, karibu na pampu ya mafuta, kwa bwana mmoja wa suti na mkoba. Kikifungwa chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, alisema, petroli ya safari moja itatosha mbili.

"Na waliotengeneza gari," nikamuuliza, "wao hawakukiona hiki?"

"Wewe mama watoto, kila kitu lazima upinge!"

Nilipinga kwa sababu ile pikapu ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Hatukuwa na shamba wala duka. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya pande zote mbili za mpaka, na kazi yetu ilikuwa moja tu: kununua samaki aina ya ngege waliokaushwa kwa moshi upande wa Kenya, kuvuka nao hadi Uganda, na kuwauza sokoni Tororo. Mimi nilikaa mbele na mtoto mapajani, matenga ya samaki nyuma. Gari lilikuwa zee na lilikunywa petroli bila haya. Faida yetu yote iliishia kwenye tangi, na mume wangu alikuwa ameanza kukonda kwa mawazo. Yule wa suti lazima alimwona tangu mbali.

Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo tulipima kwa kijiti, tukikitumbukiza tangini na kuangalia palipolowa. Na kwa kuwa pesa tulizipata baada ya kuuza samaki, sisi wa biashara ile sote tulijaza mafuta Tororo, tukapima tukifika nyumbani. Maana yake tulipima safari ya kurudi, matenga yakiwa matupu. Safari ya kwenda, yenye mzigo, hakuna aliyeipima. Siku ya kukijaribu kibomba mume wangu aliendesha kama amebeba mayai, na kila mteremko akazima injini. Tulipofika nyumbani akachomoa kijiti, akaona kimelowa juu kuliko siku zote, akapiga kelele za furaha, majirani wakatoka kuangalia.

"Pima asubuhi tukiwa na mzigo," nikamwambia. "Na uendeshe kama siku zote."

Alikataa. Nilitaka kumtikisa! Nilimwambia jiko likipulizwa sana makaa huisha upesi na sufuria huungua, sasa hewa yote hiyo inakwenda kufanya nini ndani ya injini? Akanijibu kuwa gari si jiko.

Baada ya muda injini ikaanza kukohoa na kuchemka. Yule wa suti akasema ni uchafu wa zamani unaoungua, tuvumilie. Mume wangu akavumilia. Mimi nilimwomba akitoe. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, mwishowe nililia mbele ya watoto. Alinitazama kwa huruma, akasema kikitoka hatutaweza kujaza tangi tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na tumaini jingine, nikaogopa zaidi.

Gari lilikufa karibu na Iyolwa, njiani kwenda Tororo, tukiwa na mzigo kamili. Kulikuwa na mlio wa chuma kugonga chuma, kisha kimya, na moshi. Fundi aliyefika kwa baiskeli alifungua, akatuonyesha vali zilizoungua na pistoni iliyotoboka. Alisema mafuta yalikuwa machache mno kwa hewa ile, moto ukazidi. Mkulima mmoja alifungua ng'ombe wake kwenye plau wakalivuta gari hadi pembeni. Ngege tuliwauza pale pale barabarani kwa bei ya kutupa. Injini nyingine tungeipata wapi? Gari liliuzwa vipande vipande, tairi leo, milango kesho.

Kisha mume wangu akarudi nyumbani na mkoba. Yule wa suti alikuwa amempa vibomba akauze upande wetu. Sikuamini macho yangu. Nilimuuliza kama ana wazimu, akasema hiyo ndiyo kazi iliyopo.

Alasiri moja alikuja na dereva wa lori, mtu mzima, mpole. Kibomba kilikuwa tayari mkononi mwa huyo dereva.

"Muulize mke wangu," mume wangu akamwambia. "Yeye tulikuwa tukikaa naye mbele kila safari."

"Mama," yule dereva akasema, "gari yangu nakula mafuta sana. Mimi nachoka kabisa. Hii kitu nasaidia kweli?"

Watoto walikuwa ndani, hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mume wangu alinitazama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniomba kitu kwa macho yale. Nilimtazama dereva, nikaona uchovu ule ule niliokuwa nimeishi nao.

"Ndugu yangu," nikasema, "hiyo ndiyo iliua gari yetu."

Alikiweka mezani polepole, akanishukuru, akaenda zake. Nilingoja mume wangu anifokee. Ningefurahi kama angenifokea. Alifunga mkoba, akakaa chini.

"Sasa watoto watakula nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nikijiuliza swali hilo hilo tangu kulipokucha.