Mawe ya Baharini Yaliyobaki Uani Kwetu

Admin, nifichie jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, ninaishi Kawetele, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Nilikuwa mwandishi wa habari wa gazeti hadi nilipostaafu. Nimezoea kuandika ya watu, haya ya kwangu mnivumilie.

Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kuonekana madukani, nilipata kichaa changu: bahari ndani ya sebule, yaani tangi la kioo la samaki wa maji ya chumvi. Niliiona ofisini kwa mfanyabiashara mmoja Dar es Salaam nilipokwenda kumhoji, nikasahau nusu ya maswali. Kuijenga kulichukua mwaka mzima. Vioo vinene vilikatwa Mbeya, vikaungwa kwa gundi humu humu sebuleni, futi nane kwa mbili, kwa sababu vikishaungwa visingepita mlangoni. Chumvi maalumu, pampu, taa na hita viliagizwa Dar. Mawe ya baharini yalikuja yamefungwa kwenye magunia mabichi. Tuliacha maji yazunguke miezi miwili, ndipo nikaweka matumbawe, kamba wawili na samaki sita. Umeme ukikatika, pampu ndogo iliendeshwa kwa betri ya gari. Watu walikuja kutazama, wengine kutoka hata Nkunga.

Jambo moja lilitaka nidhamu. Maji hupungua kila siku kwa mvuke, lakini chumvi hubaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Kwetu mvua haina uhaba. Niliikinga uwanjani, si kwenye bati, kwa ndoo moja nyeupe ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitumia kwa kazi nyingine. Mume wangu, Baba Tumaini, alilijua hilo. Mama yake, tuliyeishi naye, alilijua pia, na alinicheka.

"Samaki hawa wanaliwa lini?"

"Hawaliwi, mama. Ni wa kutazama."

"Mwanangu, hata ng'ombe namtazama, lakini ananipa maziwa. Siku ukisafiri nitawakaanga."

Tulikuwa tunacheka wote.

Nikasafiri siku nne kwenda Kyela kufuatilia habari za mpunga. Niliporudi, mchana, nilimkuta mama mkwe mbele ya kioo, mkono umelowa hadi kiwikoni, samaki wawili wamekufa kwenye sinia. Kamba walikuwa chali. Matumbawe yamejikunja kama nyama iliyochemshwa.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Nimekuta wanakufa. Nawatoa."

"Umeweka nini? Sabuni?"

Aliniangalia, kisha akamwangalia mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mabuti yake ya shamba. Baba Tumaini akatazama chini. Mama akasema, "Basi, ni mimi."

Maneno niliyomwambia sitayaandika hapa. Alikunja vitenge vyake, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, akarudi kwake Kinyala. Hakulala tena nyumbani kwangu. Aliishi miaka kumi na moja zaidi. Tulimzika nikijiona mtu mwema aliyesamehe. Hadi leo kwenye ukoo anatajwa kwa utani: bibi aliyeua samaki wa mkwewe. Wanangu wamekua wakicheka utani huo mbele ya baba yao.

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea pampu na taa mpya, niamshe tena bahari yangu. Lile tangi tulikuwa tumeligeuza banda la vifaranga humo humo sebuleni, nikalisafisha. Nikaanza kukusanya mawe ya zamani, ambayo tulikuwa tumeyazungushia maua uani. Baba Tumaini alikuwa barazani anakunywa chai.

"Hayo usiyarudishe, Mama Tumaini. Yalinyonya mrututu."

Mrututu ni ile dawa ya bluu tunayopulizia kahawa. Ina shaba, na kiasi kidogo tu huua kamba na matumbawe. Nimeuliza watu maswali kwa miaka thelathini, na hili lilitoka lenyewe.

"Mrututu wa wapi?"

Akaweka kikombe chini. Alieleza kwa ufupi. Ndoo nyeupe alikuwa ameitumia kupelekea maziwa, kwa sababu debe lilikuwa limetoboka. Akakinga mvua kwa ndoo aliyokorogea mrututu, akiwa ameisuuza mara moja. Mama yake alimwona akiyamimina tangini.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeniacha."

"Kwa sababu ya samaki?"

"Wewe hukujiona siku ile."

"Na mama yako?"

"Alisema ninyamaze. Yeye ana kwake Kinyala, mimi nina mke wa kukaa naye."

Ndoo ilikuwa ajali. Ningekasirika wiki mbili, yangekwisha. Lakini kwa miaka kumi na moja mume wangu alikwenda Kinyala kila mwezi na sukari na sabuni, akirudi ananiambia, "Mama anakusalimia." Nami nikajibu, "Mwambie nimeshasahau." Aliniacha niseme hivyo, akanyamaza.

Mwezi ujao ukoo unakutana Kinyala kujengea kaburi la mama. Baba Tumaini ananisihi nisiseme kitu. Anasema mama mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwamba kufichua ni kumvunjia heshima. Mimi naona heshima anayoilinda ni yake yeye. Nikisema, nitamwaibisha mzee wa miaka sitini na saba mbele ya wadogo zake. Nikinyamaza, nitasimama pale wanapomwagia zege juu ya mtu niliyemfukuza bila kosa, na utani utaendelea.

Tangi limejaa maji ya chumvi, bado halina kitu kingine. Nalijazia kila asubuhi. Jana alikuja na ndoo mpya, nyeupe, imejaa maji ya mvua. "Nimeisuuza mara tatu," akasema. Nilimwambia aiweke chini. Mpaka naandika hapa, iko pale pale mlangoni, mimi sijaigusa na yeye hajaiondoa.

Ninyi mnaonisoma, hasa mliodumu kwenye ndoa: siku ya kaburi nisimame niseme, au nami ninyamaze kama mama? Nipeni mawazo yenu, nitayasoma yote.