Punje ya Kahawa ya Nyirabageni

Tangu aolewe na Celestin, Joviana alikuwa amemuuliza mama mkwe wake swali moja tu lenye uchungu: wakati wa vita vya Amin, alikuwa akifanya nini nyumbani kwa Rwezaura kule Kimuli? Mama mkwe, Nyirabageni, aliinamia jembe, akaendelea kupalilia. Lisemwalo lipo, walisema majirani wa Ndama, na walilosema ni kwamba mjane huyo Mnyarwanda alikuwa akipika pombe na kulala na wageni. Midomo haina kufuli. Yalisemwa hata nje ya kanisa, misa ikiwa bado haijapoa.

Mwaka 1989 Rwezaura alirudi kutoka Bukoba, alikohamia baada ya vita, akaifungua nyumba ile iwe makumbusho. Kina mama wa parokia wakaenda kuitazama. Joviana alitangulia makusudi, asionekane ameongozana na mama mkwe.

Rwezaura aliwaonyesha chumba ambamo Waganda waliomkimbia Amin walipangia njama za kumwangusha. Kisha akawatoa uani, kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe ya rubisi. Wapelelezi walijaa kila mahali, alisema, lakini nani angemshuku mtu aliyekuja na kibuyu kununua rubisi? Mpishi wa rubisi ndiye aliyewasitiri wote. Siku wapelelezi walipomkamata wakampiga, hakutaja hata jina moja.

"Na ndiye huyu hapa," akasema, akimwelekea Nyirabageni.

Wanawake wakatazamana. Rwezaura akashangaa, akamuuliza mbona hakuwaambia, ilhali wenzake walikuwa wakijisifu hata vilabuni.

"Tulikula kahawa, Mzee," Nyirabageni akajibu. "Hujanifungua."

Rwezaura akashika kichwa. Ni kweli, ili kulinda siri alikuwa amegawana na kila mmoja wa washirika wa njama ile punje mbili za ganda moja, wakazila, na anayevunja kiapo hicho, punje humvimbia tumboni. Wa kumfungua ni yule aliyekula naye, kwa kinywa chake mwenyewe. Wanaume aliwafungua mara vita vilipokwisha. Huyu alikuwa amekwisha kurudi Ndama kwenye vibarua vyake, naye akamsahau. Miaka kumi, jamani! Mzee mzima akapiga magoti, akamfungua.

Joviana aliona aibu, na juu ya aibu ile akajaa fahari. Mwanamke gani huyu, aliyetukanwa na kijiji kizima akameza yote asivunje neno lake? Alitaka kuomba radhi. Naye akapiga magoti, akamwamkia shikamoo upya.

"Marahaba, mwanangu," akasema Nyirabageni, akiketi kwenye ukingo wa mtumbwi. "Lile swali lako, niulize tena."