Nilimlazimisha Mkwe Wangu Alipe Funga Huku Anatumia Dawa za Sukari

Nimekosa, ndugu zangu, na wala sikukosa kwa kutojua. Afadhali ningekuwa sijui!

Mimi ni mama mtu mzima wa hapa Ujiji. Nasomesha wanawake dini barazani kwangu. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia nawafundisha habari za udhuru: mgonjwa anaruhusiwa kula, mjamzito na anayenyonyesha wakihofia hali zao wanaruhusiwa. Nimeyasema hayo mpaka wanafunzi wangu wananimalizia sentensi.

Mwaka jana mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa na mimba akakutwa na sukari. Daktari akamkataza kufunga, nami sikuwa na neno. Alipojifungua salama nilisujudu kumshukuru Mola. Nikajua na sukari imekwisha. Si wenyewe wanaiita sukari ya mimba?

Haikwisha. Alirudi kupimwa mtoto akiwa bado mchanga, ikawa ipo. Akapimwa tena, ipo. Wakampa vidonge, wakamwambia ale kwa wakati, asikae na njaa. Alinieleza yote jikoni. Niliitikia tu, "Mungu atakuponya," nikaendelea kuchambua mchele.

Basi Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikaingia, wanawake wa darasa wakaanza kulipa siku walizokula Ramadhani iliyopita. Mkwe wangu akapita na sahani yake ya ugali na samaki wa migebuka. Mmoja akamdaka.

"Wewe, hulipi?"

"Nina sukari, dada."

"Sukari ya mimba? Mimba yenyewe iko wapi? Au kuna nyingine hujatuambia?"

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe! Kisha nikaona haya. Nikajiuliza watasemaje, mwalimu anafundisha watu huku nyumbani kwake kuna mtu anakula mchana na mtoto keshaanza uji?

Jioni nikamwita. "Mwanangu, udhuru wako ulikuwa mimba. Mimba imeondoka. Lipa deni la Mungu kabla Ramadhani nyingine haijaingia."

Yeye ni wa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, Kiha ndiyo lugha ya nyumbani kwao, na akizidiwa hukirudia. "Ego, mama," akasema. Ndiyo, mama. Hakubishana nami. Angebisha jamani!

Akafunga. Wakati wa daku alikuwa akimeza dawa yake kama alivyozoea, kisha hali kitu mpaka magharibi. Sikumuuliza mtu kama hilo linafaa. Mimi ndiye niliyezoea kuulizwa.

Siku yenyewe tulikuwa barazani, alasiri, tunasoma. Alikuwa anafua uani. Akaja ameloa jasho, mikono inamtetemeka, maneno yanamtoka nusunusu.

"Mama, nipe maji. Nipe chochote."

Nikamwambia nini? "Vumilia mwanangu, jua limebaki kidogo."

Mwenzetu mmoja akatania, "Swaumu ya kulipa hiyo, ina uchungu wake!" Hata kicheko hakijaisha, mkwe wangu akaanguka mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mkekani, akaanza kumtambalia mama yake akimvuta gauni.

Tukampakia kwenye bajaji. Njia nzima nilikuwa nasoma dua na kulia, namwita jina lake, haitiki.

Hospitali muuguzi akanihoji huku wenzake wanatafuta mshipa.

"Anatumia dawa ya sukari?"

"Ndiyo."

"Leo amekunywa?"

"Alfajiri."

"Amekula nini toka hapo?"

"Amefunga."

"Nani kamwambia afunge?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu! Waliingiza maji ya sukari kwenye mshipa, akafumbua macho. Baadaye daktari akanieleza kwamba wapo wanaojifungua na sukari ikabaki, ikawa ugonjwa wa kuishi nao. Zile dawa zinaishusha, na tumbo likiwa tupu inaweza kushuka mpaka mtu akazimia, hata akafa. Sisi tunaogopa sukari ikipanda tu, kumbe ikishuka inaua upesi!

Nilimwendea sheikh wetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bi Mwalimu, ulikuwa na daktari na ulikuwa na mimi. Ungeuliza kwanza." Alinifundisha niliyokuwa nikiyafundisha: ugonjwa usiotarajiwa kupona, mtu halipi kwa kufunga, analisha masikini.

Kinachonikera mpaka leo ni watu. Wapo wanaoniambia, "Ulimtakia heri, Bi Mwalimu, usijilaumu." Wapo walioleta soda walipokuja kumwona, na hadi leo wananiuliza, "Bado tu hiyo sukari?" Bado! Nimechoka kujibu, na ninapojibu kwa ukali nakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Alipopata nguvu akachukua mtoto, akapanda boti akaenda kwao Mwamgongo. Mwanangu akamfuata. Ramadhani nilifuturu peke yangu. Namshukuru Mungu yu hai, kila nikisali nashukuru, lakini nyumba imenyamaza.

Idi ilipopita nikaenda kumwomba radhi, mbele ya mama yake mzazi. Sikujitetea. Mkwe wangu akanishika mkono.

"Nimekusamehe mama, kutoka moyoni. Lakini nikiumwa tena sitakuambia wewe."

Nilirudi na maneno hayo ziwa zima.

Ndugu zangu, mama wakwe, walimu, wazee mnaosikilizwa: aliyekuwa na sukari ya mimba arudi akapimwe baada ya kuzaa, na ikibaki, mwaminini. Anayetumia dawa asifunge kabla ya kumwona daktari. Na mtu akikuomba maji huku anatetemeka, mpe kitu cha sukari saa ileile, ndipo umpeleke hospitali. Msingoje jua lizame!