Mtu wa Kukaa Nyumbani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kufuli. Nililinunua Mbale, kufuli zito la shaba, na njia nzima kwenda Bugembe kwa mama nililitoa mfukoni mara kwa mara nikijaribu ufunguo, nihakikishe haukwami. Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Ulikuwa unakua, naye hakutaka kwenda hospitali kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia nyumba. Mimi nikadhani tatizo ni mlango.

Alilipokea, akalipima uzito kiganjani, akacheka kwa ile sauti yake iliyokuwa imeanza kukwaruza.

“Mwanangu, siku ile tulipokimbia, unafikiri niliacha mlango wazi? Nilifunga kufuli kubwa kuliko hili. Ufunguo nikampa jirani. Sasa nenda kamuulize jirani.”

Jirani alikwisha kufa. Kufuli likawekwa juu ya kabati, kando ya birika lisilotumika.

Inabidi nieleze habari ya nyumba, maana bila hiyo mama yangu ataonekana mkaidi tu. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudan. Utawala wa wanajeshi ulipoanguka, kila Mnubi alihesabiwa kuwa mtu wao. Baba hakuwa hata askari. Alikuwa fundi wa malori pale kambini Jinja, mikono yake ikinuka grisi hata siku ya Idi. Tulikimbilia kaskazini, tukavuka mpaka. Baba alifia huko. Dada yangu aliolewa huko akabaki. Mama na mimi tulirudi waliposema sasa kuna amani, mimi nikiwa bado mvulana, tukakuta nyumba yetu ina watu.

Alikuwemo askari magereza kutoka Teso, na mke wake na watoto. Hakuvunja mlango, yeye alionyeshwa nyumba tupu na wakubwa wa wakati huo, akaingia. Mama hakwenda kwa chifu wala mahakamani. Alitandika mkeka barazani, akapanga mafiga matatu uwanjani, akaanza kupika. Mke wa askari akipika ndani, mama anapika nje. Watoto wao walipita katikati ya sufuria zetu kwenda shule. Mvua ikinyesha, yule mke alifungua mlango kidogo kutuita tuingie, na mama alimjibu, “Funga! Maji yataingia nyumbani kwangu.”

Mwishowe askari alifunga vitu vyake akahamia Masese, ufukweni mwa ziwa. Siku ya kuondoka aliwaambia watu waliokusanyika kutazama, “Miaka yote mimi nalinda watu iko ndani. Huyu mama iko nje, na mimi ndiyo mfungwa.” Watu walicheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshaingia na ufagio.

Tangu siku hiyo hakulala nje ya nyumba ile. Akialikwa harusi Jinja, alikwenda, akapiga vigelegele, akarudi kabla pilau halijaiva. Mimi nilikua, nikaenda Mbale kutafuta kazi, nikapanga chumba mtaa wa Nabuyonga. Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kunakili herufi za kwenye makopo ya mafuta na vichwa vya magazeti, na nilikuwa na bahati ya wakati, kwa sababu maduka yalikuwa yanafunguliwa upya baada ya vita na kila mwenye duka alitaka jina lake lionekane. Mimi ni mtu wa kufuta. Herufi moja ikiegama kidogo nafuta neno zima. Nalala nikiiona.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo anarudi nyumbani anamkuta mama yake amefunga kitambaa mpaka chini ya kidevu, mchana, jua kali. Anakunywa uji tu. Na kila akimeza anainua uso juu, kama kuku anayekunywa maji.

“Mama, shingo imefanya nini?”

“Imenenepa. Wewe hutaki mama mnene?”

Nilimpeleka zahanati ya hapo Bugembe, kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya barabara na aliweza kuuona mlango wake akiwa kwenye benchi. Mganga alimpapasa akasema ni rovu, ule uvimbe wa shingo, lakini marovu mengine ni mabaya, na huwezi kujua mpaka ulipasue. Akatuambia twende Mbale. Watu wa mlimani wanapata sana rovu, kwa hiyo daktari wa huko amezoea shingo.

Mama alimshukuru, akavuka barabara, akaenda kusonga ugali ambao hakuweza kuumeza.

Miezi iliyofuata nilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani na mgonjwa asiyekubali kuwa mgonjwa. Nikiwa Mbale nilimwona akilini akikabwa na uji peke yake. Nikiwa Bugembe niliona kazi zangu zikienda kwa wachoraji wengine. Nilitunga maneno ya kumwambia, nikayasema kwa sauti nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, nikayarekebisha, na nikifika mbele yake yalikuwa maneno ya mtoto. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

“Umesema vizuri,” alisema mara moja. “Sasa nani atakaa nyumbani?”

“Jirani.”

“Hapana.”

“Mimi.”

“Na nani ataniuguza? Daktari?”

Hapo ndipo pingu zilipokuwa. Tulikuwa wawili tu. Nikimpeleka, nyumba inabaki tupu. Nikibaki, anakwenda peke yake, na hospitali za wakati ule ulikwenda na mtu wako wa kukupikia na kukufulia. Nitasema jambo ambalo sijalisema popote. Nilifika mahali nikaomba azidiwe. Nilitaka aanguke, apoteze fahamu, nimbebe bila kumuuliza. Nilikuwa nikimtazama anavyopumua huku nikisubiri.

Aliyetutoa alikuwa mke wa askari magereza. Alikuwa amegeuka mchuuzi wa samaki wa moshi wa Masese, na alipita Bugembe na beseni lake kichwani. Mama alikuwa mteja wake wa daima na hakuna siku waliyouziana bila matusi.

“Samaki hawa wamekufa lini?” mama aliuliza siku hiyo. “Wakati wa Waingereza?”

“Mama, wewe kula tu. Meno ndiyo yako ya wakati wa Waingereza.”

Mama alicheka, kicheko kikamkaba. Alishika nguzo ya baraza, akainua uso, macho yakamtoka. Yule mwanamke alitua beseni, akamfungua kitambaa pasipo ruhusa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kuiona shingo ile yote. Alimshikilia mpaka mama alipopata pumzi.

“Hii wewe naficha nani?” akamuuliza. Kisha kwangu: “Na wewe kijana natazama tu?”

“Hataki kwenda. Anataka mtu wa kukaa nyumbani.”

“Wewe si ndiyo mtu? Kaa. Mimi nampeleka.”

Nilingoja mama alipuke. Kumwacha huyu amuuguze, mwanamke aliyepika katika jiko lake miaka yote ile! Mama alijifunga kitambaa polepole, akifikiri.

“Ndiyo,” alisema. “Huyu nikienda naye, najua yuko wapi. Hawezi kuwa Mbale na kuwa nyumbani kwangu.”

“Mama yako ni mbaya sana,” yule mwanamke aliniambia. Alikuwa ameanza kucheka.

Waliondoka asubuhi ya pili, wakiwa na sufuria, mkeka na khanga. Mama aliniachia amri. Mlango wa mbele uwe wazi mchana kutwa. Moshi uonekane. Nguo zianikwe, hata kama si chafu. Nisiende sokoni, nimtume mtu. Nisiende hata msikitini Ijumaa, Mungu ataelewa.

Nikakaa. Nilikuwa nimefikiri kwamba akishakubali kwenda hospitali roho yangu itatulia. Kumbe nilikuwa nimebadilishiwa kamba tu. Nilifua shati lilelile safi, nikalianika. Niliwasha moto usio na chungu. Barabara kuu ilipita mbele yangu na teksi za Mbale zikaja na kwenda, na mimi sikuwa na ruhusa ya kupanda hata moja. Mbale nilikuwa nimeacha bango la duka la vitambaa halijaisha, neno la mwisho likiwa na mistari ya penseli tu, na nikiri kwamba kuna saa liliniuma kuliko shingo ya mama. Neno lisiloisha nilijua la kulifanya.

Nilianza kumwona mjinga kwa woga wake, mpaka siku walipokuja watu wawili waliovaa vizuri, wakasimama uwanjani wakilitazama paa.

“Nyumba hii ya nani?”

“Ya mama yangu.”

“Yuko?”

“Yuko,” nilisema. “Amelala.”

Wakanitazama, wakatazama shati kwenye kamba na moshi, wakaenda. Sikujua walikuwa nani wala walitaka nini, na sijui hadi leo. Lakini nilikwenda nikaongeza kuni motoni, na baada ya hapo sikumwita mama mjinga tena, hata moyoni.

Yule askari magereza, sasa amestaafu na kichwa cheupe, alikuwa akija na baiskeli kuulizia habari za mke wake, kwa kuwa teksi za Mbale zilisimama Bugembe. Hakuwahi kukanyaga baraza. Alisimama uwanjani akiegemea baiskeli na kuniuliza kutoka hapo. Alikuwepo siku dereva mmoja, mteja wa samaki wa mkewe, aliposimamisha gari akaniita kwa dirisha.

“Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa shingo? Umetumiwa maneno. Daktari anapasua kesho, anataka mtoto wake aje atie saini. Na mama mwenyewe amesema usije.”

Gari likaondoka. Nilibaki kando ya barabara nikiwa na amri mbili, na nikaanza kufanya ninachofanya siku zote, kupima. Labda daktari atakubali saini ya mwingine. Labda watasogeza siku. Nisipokwenda, pengine hapasuliwi. Nikienda, pengine wale watu wawili wanarudi. Nilipima mpaka nikasahau kwamba sikuwa peke yangu.

“Nenda,” askari alisema.

“Na nyumba, afande?”

“Nyumba mimi nakaa.”

Nilimtazama. Yeye akaona ninavyomtazama.

“Unaogopa? Hata mimi naogopa. Mimi ndani hapana ingia. Nikiingia, mama yako atasikia huko Mbale, atakufa kweli. Funga mlango, ufunguo chukua. Mimi nipe mkeka.”

Nilileta kufuli kutoka juu ya kabati. Nilifunga, nikavuta, nikafungua, nikafunga tena. Yeye alisimama akinisubiri kwa subira ya mtu aliyefunga milango maisha yake yote. Kisha akavua viatu, akapanda baraza, akatandika mkeka palepale mama alipotandika wake. Nilipopanda teksi alikuwa ameshakaa, miguu ameinyoosha, akiwatazama wapita njia kwa jicho la kazini.

Njiani palikuwa na vizuizi vya askari, na kila tuliposhushwa kukaguliwa nilirudia moyoni uongo niliomwandalia mama: nyumbani yuko jirani. Nilifika hospitali uongo huo ukiwa mzuri kabisa.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amepungua. Mke wa askari alikuwa akimkanda miguu. Mama hakunisalimia.

“Nani yuko nyumbani?”

Nilifungua mdomo kusema jirani.

“Afande,” nikasema. “Mume wa huyu.”

Mke wa askari aliacha kukanda. Mama alinigeukia, shingo ile kubwa ikipanda na kushuka.

“Ndani au barazani?”

“Barazani. Nimefunga kwa lile kufuli. Ufunguo huu hapa.”

Akaupokea, akaufungia kwenye pindo la khanga.

“Basi waje wanikate,” alisema.

Muuguzi alileta karatasi. Nilianza kuandika jina langu vizuri, herufi zikilingana urefu, mpaka akaniambia, “Si bango hilo, bwana. Tia saini tupeleke mgonjwa.”

Daktari aliutoa uvimbe. Alituambia sehemu yake ilikuwa ya ule ubaya, kwamba ameondoa alichokiona, na kwamba mama lazima arudi kila atakapoitwa. Tulipofika Bugembe, askari alikuwa bado kwenye mkeka wake. Uwanjani palikuwa na mafiga matatu na jivu. Mama alishuka kwenye gari, akasimama mbele ya jivu.

“Umechafua uwanja wangu,” alisema. Sauti ilikuwa mnong'ono, na ndiyo iliyobaki mpaka leo.

“Ndiyo, mama.”

“Zoa. Halafu uje unywe chai.”

Alizoa. Chai aliinywea barazani, kwa kuwa kuingia ndani alikataa katakata.

Siku hizi mama anakwenda Mbale kila daktari anapomwita, na hulala huko. Mke wa askari ndiye anayemsindikiza. Mimi nimehamishia kazi Bugembe, nachorea mabango barazani, mlango ukiwa wazi. Nikilazimika kusafiri tunafunga kufuli, na afande anakuja na mkeka wake mwenyewe.