Nahodha Aliyekataa Kupanda Skuta

Asubuhi jua la Florida halijaanza kuuma, na kando ya geti la bustani ya burudani ya Sandhill wazee wamekaa kwenye skuta za umeme wakisubiri somo. Ni zile skuta za kukalia, zenye usukani na kikapu mbele, zinazokodishwa kwa watu ambao miguu yao imegoma lakini roho zao bado zinataka matembezi.

Mwalimu wao, Bi Ernestine Boykin, mwenye miaka sitini na sita, amekaa kwenye kigoda kirefu. Kofia ameilaza upande.

"Tazameni hiki kidude cha kuzungusha," anasema. "Huku pamechorwa kobe, huku sungura. Dukani ni kobe. Kwenye lifti ni kobe. Mkipanda basi la hoteli ni kobe, tena kobe mgonjwa. Sungura mnamfungulia mkibanwa na haja tu."

Wazee wanacheka. Mmoja mwenye mikono minene anainua kidole. "Mama, mimi nimeendesha trekta maisha yangu yote."

"Mbele ya hilo trekta kulikuwa na watoto wanaolamba aiskrimu?"

"Hapana."

"Basi tulia ujifunze, baba."

Kisha linakuja onyo ambalo Bi Ernestine halisahau hata siku moja: kila mtu afunge kitu chake kwenye usukani, iwe leso, utepe au hata soksi. Skuta zote ni nyekundu, na ufunguo mmoja unaweza kuziwasha zote. Mtu akiingia kwenye mchezo, skuta yake inabaki nje, na wafanyakazi wanazisogeza ili kupata nafasi. Akitoka anakuta bahari ya skuta zinazofanana, na yake haiko pale alipoiacha.

"Na msione aibu," anamalizia. "Aibu haimfikishi mtu popote. Skuta inamfikisha."

Maneno matamu hayo. Lakini kinyozi hajinyoi. Kwa miaka miwili tangu aletwe getini, Bi Ernestine mwenyewe hakuwahi kuipanda skuta hata moja, ingawa magoti yake yote mawili yamesagika na kutoka kwenye kigoda hadi chooni ni safari ya kushika ukuta.

Ukitaka kujua sababu, lazima umrudishe nyuma, na yeye harudishwi kwa shida. Uso wake unang'aa ukitaja tu Mto wa Machungwa.

Huo ni mto wa kuchimbwa, upo mwisho kabisa wa bustani, na mashua zake za mbao huwapitisha wageni katikati ya miti. Bi Ernestine alikuwa nahodha wake tangu ujana. Alikuwa anasimama nyuma ya mashua, mkono mmoja kwenye usukani, anapiga domo mpaka wageni wanashika mbavu. Wafanyakazi wenzake hadi leo wanamwita Nahodha.

"Nilikuwa sikai," anasema. "Siku nzima nimesimama. Mvua inanyesha, nimesimama. Nina mimba ya miezi saba, nimesimama. Watu wa hapa hawajui nikikaa ninafananaje."

Kabla ya bustani, ardhi ile ilikuwa mashamba ya machungwa. Baba yake, mzee Lonzo, alikuwa mchumaji pale. Alibeba ngazi begani na gunia la turubai kifuani, na Jumamosi aliwachukua mabinti zake wawili, Ernestine na dada yake mkubwa Maudell, wakaokote yaliyoanguka. Walikula mpaka midomo ikawasha. Wakirudi nyumbani mama yao alijua walikokuwa kabla hawajafungua mlango, kwa harufu tu.

Baridi kali ya miaka ya themanini iliua mashamba. Wenye mashamba wakauza, tingatinga zikaja, bustani ikajengwa. Lakini mwenye Sandhill alitaka mto wake upite kwenye miti ya kweli, kwa hiyo pembe moja ya shamba iliachwa, na ilikuwa pembe aliyoihudumia mzee Lonzo. Bintiye akapita hapo na mashua kila siku ya kazi.

"Baba alikufa, mimi nikawa bado namwona. Mti ule aliukata tawi, ule aliutundikia kofia. Wageni walidhani nawaonyesha miti. Kumbe nilikuwa namsalimia."

Magoti yalipokataa, wakubwa walimhamishia getini. Analipwa dola kumi na nane kwa saa, na zaidi ya nusu ya hizo huishia kwenye kodi ya nyumba mjini Kissimmee. Hakulalamika. Ila kutoka getini hadi mtoni ni mwendo ambao hata mwenye miguu mizima anaumaliza akihema, na yeye akaapa hatapita mbele ya wenzake akiwa amekalishwa kama mzigo. Basi hakwenda tena.

Mwezi uliopita likatoka tangazo. Mto wa Machungwa utafungwa Jumapili hii. Miti itakatwa, na mahali pake patajengwa reli za mchezo wa kizunguzungu.

Bosi wake kwenye kibanda cha kukodishia skuta, Yadira Colón, mwanamke wa mji wa Ponce mwenye mdomo wa pilipili, alimwambia waziwazi: "Nahodha, skuta ziko hapa zimejaa chaji. Unangoja nini? Wakuletee mto hapa getini?"

"Niache, Yadira."

"Nakuacha. Wenye mashoka ndio hawatakuacha."

Hata hilo halikumtoa. Kilichomtoa ni kosa la mgeni, Jumanne iliyopita, siku ile ile ya somo la mwenye trekta.

Mchana wa siku hiyo simu ililia kibandani. Bibi mmoja wa Minnesota, Bi Lindquist, mwenye miaka zaidi ya themanini, alikuwa ametoka kwenye mashua za Mto wa Machungwa na kukuta skuta yake imekwenda na mtu. Alikuwa ameifunga leso ya buluu kama alivyoagizwa. Aliyeichukua hakufunga kitu kwenye yake, kwa hiyo kati ya skuta zote zilizopangwa pale hakuna aliyejua ipi imeachwa na ipi mwenyewe bado yuko majini.

"Mwambie achukue yoyote, ufunguo si ule ule?" alisema Yadira kwenye simu. Akasikiliza, akamgeukia Bi Ernestine. "Hataki. Anasema akichukua ya mtu, wezi watakuwa wawili."

Msaidizi mmoja alikuwa amekwenda na basi la hoteli, mwingine alikuwa anaumwa, na Yadira hakuweza kuacha kibanda. Akaitazama skuta ya akiba. Kisha akamtazama Bi Ernestine.

"Bibi yuko juani?" aliuliza Bi Ernestine.

"Juani. Na analia."

Bi Ernestine alivua kofia, akaivaa tena, akajishusha kutoka kwenye kigoda na kukaa kwenye skuta.

Anakiri kwamba mwanzoni aliendesha akiwa ameinamisha uso. Miaka yote amewafundisha watu kitu hiki, na hakujua kilivyo. Hakujua kwamba ukikaa pale unaishi kwenye kimo cha viuno na mikoba ya watu. Mwanamke mmoja alisimama ghafla mbele yake apige picha, wala hakugeuka. Muuza bisi alimuuliza mtu aliyesimama nyuma ya skuta, ambaye Bi Ernestine hakumjua kabisa, "Na huyu mama atapenda ya chumvi au ya sukari?"

"Nilitaka kumwambia kilichougua ni magoti, masikio hayajambo," anasema.

Alichokuwa akikiogopa zaidi kilimngoja kwenye daraja. Mfagiaji wa siku nyingi, Otis Frazee, alisimama, akaegemea ufagio, akamkodolea macho. Bi Ernestine akajiandaa kuonewa huruma.

"Nahodha!" alipaza sauti Otis. "Umenunua gari hatutangaziwi? Na leseni umehongea wapi?"

"Ondoka njiani, Otis, nisije nikakukanyaga hiyo miguu ya bata!"

Otis alicheka mpaka akakohoa. Bi Ernestine naye akacheka, na baada ya hapo akainua uso. Akazungusha kidude, kobe akampisha sungura.

Alimkuta Bi Lindquist kwenye benchi kando ya gati, pua imekuwa nyekundu. Hawajamaliza hata kusalimiana, akatokea mwenye mikono minene, yule bwana wa trekta, jina lake Stuckey, anaendesha taratibu kuliko kobe wote waliowahi kuchorwa. Leso ya buluu ilikuwa inapepea kwenye usukani.

"Nimezunguka nayo nusu ya bustani," alisema akiangalia chini. "Mke wangu ndiye aliyeona. Aliingiza mkono kikapuni atoe maji, akatoa meno ya bandia."

"Ni ya akiba," alisema Bi Lindquist kwa heshima zote, akayapokea.

"Na leso hukuiona, Bwana Stuckey?" aliuliza Bi Ernestine.

"Niliiona. Nilidhani mke wangu ndiye kanifungia."

Bibi akapata skuta yake na Stuckey akaenda kutafuta ya kwake. Bi Ernestine akabaki na ile ya akiba, mto uko mbele yake. Mashua ilikuwa inaondoka. Kuingia ndani ni ngazi mbili za kushuka, na alijua magoti hayatamvusha salama. Alibaki amekaa pale pale, anasema, moyo umemjaa kama mtu aliyefika kwao akakuta mlango umefungwa.

Ndipo akakumbuka njia ya nyuma. Kuna kijia cha saruji kando ya mto, wanachopita wageni wa hotelini. Enzi za mashua hakuwahi kukihitaji. Akarudisha skuta kwenye kobe, akakata kushoto.

Miti ilikuwepo yote. Kutoka majini alikuwa akiiona kwa mbali, lakini kijia kilimpeleka mpaka chini ya matawi, na kwa kuwa alikuwa amekaa, matunda yalimfikia usoni. Zamani yalikuwa machungwa matamu yaliyopandikizwa kwenye shina la mdanzi. Baridi iliua kilichopandikizwa, shina likachipua upya, na tangu hapo miti ile huzaa madanzi, machungu ya kukunja uso. Kuyachuma ni marufuku. Ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi.

Alichuma moja. Akalibandua gamba kwa kucha, harufu ikampanda, akalia kwa sauti, hajali nani anapita.

"Nilikuwa na miaka miwili ya kuja hapa," anasema. "Miaka miwili! Nimeitupa kwa sababu ya kiburi cha kusimama."

Jioni ile alimpigia simu dada yake Maudell, mwenye miaka sabini na moja. Nyonga zimemfunga ndani, hata kanisani haendi tena, kwa sababu hataki washirika wamwone akikokotwa. Bi Ernestine ameomba ruhusa ya Jumapili, na mpango wake ni skuta mbili.

"Sipandi hilo dude," alisema Maudell.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo."

"Wewe siku zote huna haya."

"Dada, miti ya baba inakatwa Jumatatu. Matawi yako chini kabisa, unafikia ukiwa umekaa. Ila ukichuma wanaweza kutufukuza."



"Ernie," alisema Maudell. "Hilo dude lina kikapu chenye mfuniko?"