Barua Isiyo na Bahasha

Kanisani kwetu Makindu, aliyesafiri mbali hakusahauliwa. Barua yake ilipofika, wazazi walimpa mzee wa kanisa ile sehemu ya salamu, naye aliisoma kabla ya mahubiri huku sisi tukiitikia, "Tumezipokea!" Mambo mengine yalibaki ndani ya bahasha. Hakuna aliyetufundisha mpaka huo. Bahasha yenyewe ilitosha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ofisi ya kanisa ilipata kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Washirika wote tulitumia anwani moja ya barua pepe. Karani alizichapa barua zilizofika na kuziweka mezani kwa wazee, wazi kama tangazo la mazishi; walio mbali hawakulijua hilo.

Kaka yangu alikuwa Uingereza. Kanisa zima lilimchangia nauli akasomee udaktari, na tangu hapo baba yetu, mtu wa benchi la mbele, aliitwa Baba Daktari. Jumapili moja, nikiwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, mzee wa kanisa alisimama na karatasi mkononi, uso umechangamka.

"Kijana wetu ametuandikia kwa kompyuta!"

"Tumezipokea!" tukajibu hata kabla ya kusikia.

Alisoma salamu. Kisha, kwa kuwa hakuna kilichomwambia aishie hapo, aliendelea. Masomo yalikuwa yamemshinda kaka. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaosha na kuwalisha. Angependa kurudi nyumbani Desemba. Sauti ya msomaji ilizidi kupungua, lakini hakujua namna ya kunyamaza, akaifikia sentensi ya mwisho: "Mama, usimwambie mtu. Nataka kumwambia baba mimi mwenyewe."

Baba alichukua kofia yake, akatoka.

Sokoni walimngoja. "Baba Daktari, mgongo waniua! Kijana hajatuma dawa?" Alicheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alisema, "Asije. Watu wasahau kwanza."

Nilikwenda ofisini kuuliza ni nani atakayewajibika.

"Mimi nilichapa tu," karani alisema, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "ingekuwa na bahasha, ningeifungua? Nimesoma salamu hapa tangu hujazaliwa."

Walisema kweli wote wawili, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Uchungu wa kaka ulikuwa mzima, na hapakuwa na mkono hata mmoja uliokubali kuubeba. Wazee walikutana, wakaomba, wakatoa uamuzi: kuanzia siku hiyo, kila barua inayoingia au kutoka ingesomwa kwanza na mzee, ili lisipite neno la kumwaibisha mtu. Waliamini wanatulinda.

Umoja wa akina mama nao ulimwandikia kaka kumfariji. Ndivyo alivyojua. Alituletea swali moja: "Ni kweli ilisomwa mbele ya baba?"

Mama aliamua kumwita nyumbani, baba apende asipende. Kaka alikuwa amehama, hatukuwa na anwani yake mpya ya posta wala namba ya simu, na mjini hapakuwa na kompyuta nyingine. Njia nzima ya kwenda kanisani mama aliyapanga maneno yake kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, nami nikayasikia: mwanangu, njoo, kuosha wazee si aibu, hata mimi utaniosha, baba yako niachie mimi.

Ofisini, karani aliweka vidole tayari. Mzee alivuta kiti karibu naye, akavaa miwani. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri vyeti vya ubatizo walisogea kwenye benchi ili mama apate nafasi.

"Haya, Mama Daktari... pole, mama. Sema tu, tunakusikia."

Mama aliitazama miwani ile. Akawatazama wale wanawake. Akaifunga leso yake upya.

"Mwambie hatujambo."

"Hayo tu?"

"Mwambie mvua bado. Mwambie yule mbuzi mweusi amezaa."

Nilifungua mdomo nimsemee. Alinishika mkono, akaubana kwa nguvu hadi nikanyamaza. Mzee alisoma yaliyoandikwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, barua ikaenda.

Kaka alijibu kwamba amefurahi mbuzi kuzaa. Desemba hakuja, na hakuuliza tena habari za baba.