Jino Lililorushwa Paani

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka minane, nilivaa buibui la shangazi yangu nikijifanya mtu mzima, nikakimbia nalo uchochoroni kwetu Kibokoni. Nikakanyaga pindo, nikaanguka na kugonga mdomo kwenye baraza. Jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Nililia kidogo kwa maumivu na zaidi kwa haya, maana wanaume waliokuwa barazani waliniona nimejifunika gubigubi, damu inanitoka.

Mama alikuwa matangani Bondeni. Nyumbani alikuwepo shangazi peke yake, dada yake baba, aliyerudi kwetu miezi michache kabla, baada ya kuachwa na mumewe. Mwanamke aliyerudi kwa kakake hutembea kwa kunyata. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Basi akanisukutua kwa maji ya chumvi, akaniambia ninyamaze, mbona ni jino la utoto tu. Hakujua kwamba la utoto lilikwisha kutoka, yeye akiwa bado kwa mumewe. Mimi nilijua, lakini mtoto habishani na mkubwa. Akafanya kama tufanyavyo sote jino la mtoto likitoka: akanipeleka uani, akalirusha paani, tukaomba jipya.

Baba aliporudi kutoka chuoni, alikokuwa akisomesha watoto Kurani, alinifungua mdomo akauliza jino liko wapi. Yeye alilikumbuka la utoto, kwani ndiye aliyeling'oa kwa uzi. Akaazima ngazi. Kwetu mwanamume hapandi paani kimya kimya, kwa kuwa kule juu ataona nyua za watu, na wanawake wakiwa vichwa wazi. Kwa hivyo maalim mzima, kanzu ameifunga kiunoni, alipaza sauti mtaa wote usikie: anapanda, wajisitiri, anatafuta jino la binti yake. Madirisha yakafungwa, kisha nikasikia vicheko nyuma yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alikaa juu ya mabati kwa muda mrefu, na aliposhuka nalo lilikuwa limekauka kwa jua.

Mama alipata habari, akatukuta mimi, baba na shangazi kwa daktari wa meno, bibi mmoja wa makamo asiye na mzaha. Alilishika jino upande wa juu, mzizi hakuugusa. Alitueleza kwamba kwa mtoto wa umri wangu mzizi haujafunga, uko wazi nchani kama soksi isiyoshonwa. Likirudishwa upesi, damu huweza kuingia ndani yenyewe, jino likawa hai na kuendelea kukua. Hata kulitia kwenye maziwa kungesaidia. Lakini hili limekaa juani. Alisema atalirudisha, tungoje tuone, ila hakutuahidi kitu. Kisha akauliza nani aliyelirusha.

Mama akamgeukia shangazi. Shangazi akainamisha kichwa. Baba, mikono yake bado ina kutu ya mabati, akasema, "Ni mimi."

Daktari akamsuta mbele yetu sote, mtu msomi kama yeye. Mimi pamba imenijaa mdomoni, nikatazama sakafu. Sijui nilimwonea aibu nani zaidi, yeye kwa kusema uwongo au shangazi kwa kunyamaza.

Jino likafungwa kwa waya na wenzake. Kila asubuhi shangazi alinipeleka dirishani penye mwanga akalitazama. Nadhani lingeshika, angejisamehe. Halikushika. Likageuka kijivu, na wenzake waliporefuka, lenyewe likabaki pale pale. Niliona aibu kucheka. Shuleni nikajifunza kuwawahi watu kabla hawajanicheka: babangu mwenyewe alilirusha paani, kisha akapanda kulitafuta huku akipiga mbiu. Wote walicheka, na nami nikaizoea hadithi hiyo hata nikasahau kuwa si ya kweli.

Mwaka uliofuata wakaja wanawake watatu kutoka Makupa kumtazama shangazi, kwa ajili ya ndugu yao aliyekuwa akitafuta mke. Mmoja akaniuliza jino langu limefanyaje. Nikasimulia kama kawaida yangu, na ile mbiu nikaiigiza. Wakacheka hadi wakajifuta machozi, na mkubwa wao akasema kumbe hata maalim wana vituko. Shangazi alikuwa anaingia na sinia la vikombe. Akaliweka chini.

"Si kakangu," akasema. "Nilolirusha ni mimi. Yeye alinisitiri."

Uso ukaniwaka moto. Wageni wakatazamana. Mama alikuwa amemnunia baba miezi mingi kwa ajili ya jino lile, na sasa amelisikia la kweli mbele ya watu waliokuja kuposa. Shangazi hakungoja jibu. Aligeuka kuelekea chumbani, na nilipomwona anavyokwenda, nilijua anakwenda kufunga nguo zake.

Mama akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi kando yake.

"Keti, wifi," akasema. "Chai yako yapoa."